Ziwa la Mlimani Halikimbii



Likizo ikikaribia, watoto huanza kuuliza, "Mama, safari hii tunaenda wapi?" Mara nyingi jibu letu ni lile lile: kwa nyanya shambani au, mfuko ukiruhusu, Mombasa kuogelea. Hakuna ubaya. Lakini mwezi huu nataka tuzungumze juu ya safari ambayo wengi wetu hudhani ni ya wageni kutoka ng'ambo na vijana wasio na watoto, yaani kupanda kwenda kuliona ziwa lililochimbwa na barafu juu ya Mlima Kenya.

Mimi nimekwenda mara mbili na jamaa yangu. Mara ya kwanza hatukuliona ziwa, na kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Mara ya pili tuliliona. Nawasimulia zote mbili, kwa sababu niliyojifunza katika ile ya kwanza ndiyo yaliyotufikisha katika ile ya pili.

ZIWA LENYEWE

Mlima Kenya ulikuwa volkano zamani sana. Kilele chake cha juu, Batian, kina mita 5,199. Hapo kale barafu ilishuka kutoka vileleni hadi chini sana kuliko ilivyo leo. Barafu nzito kama hiyo haikai tu. Huteremka polepole ikikwangua mwamba kama mama anavyokwangua ukoko wa sufuria, na kifusi chake hukirundika mbele na pembeni. Ilipoyeyuka na kurudi juu, iliacha mabonde mapana na mashimo, na mashimo hayo yakajaa maji. Ndiyo maziwa ya mlimani.

Ziwa ninalolizungumzia linaitwa Michaelson. Liko upande wa mashariki, katika bonde la Gorges, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kuta za mwamba zimelizunguka, na maji yake huteremka kwa Mto Nithi hadi hatimaye yanaingia Tana. Njia ya kwenda huko inaanzia mji wa Chogoria, kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Meru.

Barafu yenyewe inatoweka. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima huo ulikuwa na barafuto 18. Leo yamebaki mabaki machache na madogo. Watoto wetu huenda wakawa wa mwisho kuiona barafu ya Mlima Kenya kwa macho yao, lakini ziwa litabaki. Ndiyo maana nawaambia tangu mwanzo: ziwa halikimbii. Laiti ningalilijua neno hilo ile mara ya kwanza.

SAFARI YA KWANZA

Ilikuwa likizo ya Aprili. Tuliondoka Nairobi alfajiri: baba watoto, binti yetu wa miaka 11, na kijana wetu wa miaka minane. Kitinda mimba tulimwacha kwa nyanya yake. Chogoria tulikodi Landrova, tukapita msituni, tukaingia langoni kwenye mita 3,000 hivi, na badala ya kusimama tukaendelea juu mpaka Ziwa Ellis. Hilo ni ziwa la kwanza, karibu mita 3,500, na gari lenye nguvu linaweza kulikaribia. Tulijiona hodari sana. Nairobi ni kama mita 1,700, na kabla jua halijatua tulikuwa tumeongeza mita 1,800 tukiwa tumeketi kwenye viti.

Mvua ilianza tunaposimamisha mahema. Watoto walikuwa wamevaa suruali za jinzi, zikalowa, na jinzi ikilowa mahali pale haikauki. Nilipopakua chakula, kijana wetu akakataa. Akasema kichwa kinamwuma. Nami, kwa uchovu na kwa kuwa alikula peremende njiani kote, nilimgombeza. Nilimwambia aache deko, watu wametumia fedha nyingi kumleta. Akanyamaza, akajilaza bila kuvua viatu. Usiku akatapika mara mbili.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, na baba watoto alitaka tuendelee. Alisema, "Mama watoto, tumelipa kila kitu. Akitembea atachangamka." Kiongozi wetu wa mlima, mzee wa makamo na mpole, hakubishana naye mbele ya watoto. Alimwomba kijana atembee hatua chache kwa mstari ulionyooka, akamwangalia, kisha akatuita kando. "Baba, Mama," alisema, "mtoto huyu hana deko. Mlima umemshika. Leo bado anatembea vizuri. Tukimpandisha, kesho huenda tukambeba. Tushuke."

Mume wangu alinyamaza kwa muda. Kisha akaanza kukunja hema, nasi tukashuka. Tulipofika langoni kijana aliuliza kama kuna chai na mandazi. Nilimnywesha chai huku machozi yakinilengalenga, nikamwomba msamaha. Ndiyo, mama naye humwomba mtoto msamaha. Fedha zile hazikurudi, na ziwa hatukuliona. Lakini mtoto tulirudi naye nyumbani akiwa mzima.

MLIMA UNAVYOMSHIKA MTU

Kwenye mita 4,000 hewa ni nyepesi. Kila pumzi hukupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Mombasa. Mwili huweza kuzoea, lakini huhitaji siku, si saa. Ukipanda upesi mno, kichwa huuma, kichefuchefu huja, nguvu huisha na usingizi hukimbia. Ugonjwa huu hauchagui. Humshika mwanariadha na kumwacha bibi mnene asiye na mazoezi.

Kwa mtoto mdogo ni vigumu zaidi, maana hajui kueleza. Dalili zake ni kukataa chakula, kukasirika bila sababu na kuacha kucheza. Akina mama, mambo hayo nyumbani huwa tunayaita ukaidi. Mlimani, yahesabuni kuwa ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Mtoto mwenye dalili hizo asipandishwe hata hatua moja. Apumzike pale pale, na asipopata nafuu ashushwe.

Dalili za hatari ni hizi: mtu kupepesuka kama mlevi, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuhema hata akiwa ameketi, au kukohoa makohozi yenye povu. Mtu huyo ashushwe mara hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, kisha apelekwe hospitali.

Wenye mimba, wenye ugonjwa wa moyo, mapafu au damu, na wenye watoto wachanga, zungumzeni na daktari kabla ya kupanga lolote. Mtoto mchanga hana haja ya kulala mita 4,000. Ziwa litamngoja akue.

MSIMU GANI?

Mama mmoja aliniuliza, "Ni msimu upi usio na baridi?" Haupo. Mlima huu uko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo baridi yake haifuati miezi, bali hufuata saa. Mchana jua linachoma hata mwezi wa Julai, na usiku maji huganda hata mwezi wa Januari. Pangeni kwa ajili ya usiku. Miezi hubadilisha mvua, njia na matope.

Januari na Februari kwa kawaida ni kukavu na anga ni safi. Kasoro yake ni kwamba watoto wako shuleni. Pia nyasi huwa kavu, na moto ni hatari. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, moto uliteketeza sehemu kubwa za mlima huo. Kuwasha moto wa kuni hakuruhusiwi. Bebeni jiko la gesi.

Kati ya Machi na Mei ni masika. Likizo ya Aprili huangukia humo, nasi tulilipa ada ya kujifunza hilo. Upande wa Chogoria hupata mvua nyingi. Barabara ya msituni huteleza na ukungu huficha ziwa. Kama hamna wakati mwingine, ishieni langoni mtembee msituni na kiongozi, bila kulala juu.

Kuanzia Julai hadi Septemba ni kukavu zaidi, na likizo ya Agosti iko ndani yake. Kwa jamaa yenye wanafunzi, huu ndio wakati ninaoupendekeza. Usiku ni baridi kali, lakini baridi kavu huvumilika kuliko baridi yenye mvua.

Oktoba hadi Desemba ni vuli. Mvua zake hupungua kuelekea mwisho wa Desemba, nao wengi hupenda kwenda baada ya Krismasi. Huweza kufaa, ila chukueni makoti ya mvua bila kubahatisha.

Msimu wowote mtakaochagua, tembeeni asubuhi. Mara nyingi kunakucha anga ikiwa wazi, na ikifika adhuhuri mawingu hupanda kutoka bondeni na kufunika kila kitu. Anayechelewa kwa sababu ya kuchana nywele huliona wingu badala ya ziwa.

MPANGO WETU WA MARA YA PILI

Tulikaa miaka miwili, tukiweka akiba kidogo kidogo katika chama chetu. Tukarudi mwezi wa Agosti, na safari hii mpango tuliupima kwa mwendo wa yule aliye mwepesi kuchoka. Kanuni tuliyoifuata ni rahisi: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi mahali pa jana kwa zaidi ya mita 500.

Siku ya kwanza tulifika langoni mapema, tukalala hapo. Siku ya pili tulitembea hadi maporomoko ya Nithi, tukarudi kulala pale pale. Watoto waliona siku hiyo kuwa mchezo, kumbe miili yao ilikuwa kazini. Siku ya tatu tulipanda kwa miguu mpaka Ziwa Ellis. Siku ya nne tuliondoka mapema kwenda Ziwa Michaelson. Watu wengi hutumia saa tano hadi saba, nasi hatukumkimbiza mtu. Siku ya tano tulianza kurudi.

Siku ya sita tuliiacha wazi kabisa, bila kazi, na fedha ya kuiita Landrova mapema tuliiweka kando katika bahasha. Tulikubaliana pia na dereva kabla ya kuondoka jinsi ya kumpata, maana simu mlimani hushika hapa na kukatika pale. Siku hiyo na bahasha hiyo ndizo zinazompa baba na mama uhuru wa kusema "turudi" bila kugombana. Tulikubaliana hata nyumbani, mezani, watoto wakisikia: mtu mmoja akiugua, tunashuka wote, na hakuna atakayelaumiwa.

Wenye watoto wadogo wanaweza kufanya fupi zaidi: lala langoni usiku mbili, nenda Ziwa Ellis mchana na kurudi. Hiyo nayo ni safari kamili.

VITU VYA KUFUNGASHA

1. Nguo. Msichukue jinzi wala fulana za pamba za kuvaa karibu na mwili. Pamba ikilowa huiba joto. Chukueni sufu au kitambaa kinachokauka upesi. Hamhitaji duka ghali. Makoti yetu na sweta za sufu nilizipata kwa mitumba. Kila mtu awe na boshori, glovu, koti la mvua, na nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana hata mtu akililia.

2. Viatu. Viwe vimekwisha kuvaliwa nyumbani wiki kadhaa. Kiatu kipya ni malengelenge. Chukueni soksi nene jozi tatu kila mtu.

3. Malazi. Begi zito la kulalia, na mkeka wa sponji chini yake. Baridi ya ardhini hupita ile ya hewani. Vitu hivi hukodishwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

4. Chakula. Hapa nawaonya wapishi wenzangu. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi ni kama 94, na kule ziwani ni kama 87 tu. Maharage yatatokota mpaka gesi iishe, na bado yatakuwa mawe. Chemsheni maharage na nyama nyumbani, mkapashe moto tu. Wali huchukua muda mrefu, lakini uji na tambi hazisumbui. Mtoto hunywa chai yenye sukari hata anapokataa chakula, basi thamosi isikauke. Maji ya mtoni na ziwani yachemsheni kabla ya kunywa.

5. Jua. Paka watoto mafuta ya kuzuia jua, hata sisi weusi huungua juu kule. Midomo ipakwe mafuta ya mgando, na kila mtu awe na kofia ya mchana na miwani ya jua.

6. Karatasi. Vitambulisho vya wazazi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, na viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla ya kupiga hesabu. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi katika mbuga tangu Juni 2020. Bebeni chupa za kudumu.

Jambo la mwisho ni kiongozi na wapagazi. Msipande bila wao. Msituni kuna ndovu na nyati, na juu kuna ukungu unaopoteza hata wenyeji. Kubalianeni malipo mapema, na muwatazame wapagazi kama wana nguo za kutosha. Nao ni watoto wa mama.

TULIPOFIKA

Siku ile ya nne kijana wetu, sasa wa miaka kumi, alitangulia pamoja na kiongozi. Tulipita katikati ya mimea ya ajabu, lobelia ndefu kama nguzo. Tuliposhuka mteremko wa mwisho ziwa lilikuwa chini yetu, limetulia, na genge refu limesimama juu yake kama ukuta wa kanisa. Mtoto alisimama, akanitazama, akasema, "Mama, kichwa hakiniumi."

Hakusema ziwa ni zuri. Alisema kichwa hakimwumi. Nilielewa kwamba kwa miaka miwili alikuwa ameubeba usiku ule kuliko nilivyodhani. Pengine alihofu kwamba akiugua tena atagombezwa tena. Nikamshika mkono, tukashuka pamoja. Tulikaa ukingoni, baba yake akatuongoza katika sala fupi ya shukrani. Maji nilimruhusu ayaguse kwa vidole tu, maana baridi yake inaweza kumkaza misuli hata mwogeleaji hodari. Kulipopambazuka hema lilikuwa na barafu nyembamba juu yake, na binti yetu akaibandua kwa kucha na kuitia kwenye kikombe.

Basi, mama mpendwa, ukiketi na mumeo kupanga safari ya namna hii, msianze kwa kuuliza mtafika lini. Anzeni kwa kuuliza nani katika nyumba yenu atachoka kwanza, na mpange kwa ajili yake. Wekeni siku moja ya ziada na bahasha moja ya kurudi. Na mtoto akisema kichwa kinamwuma, mwamini mara ya kwanza. Mlima upo, ziwa lipo, na mwaka ujao vitakuwepo pia.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.